Anti, mimi sio daktari, nimsaidieje mwenzangu kazini?

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu hii habari ya makampuni kuchagua wafanyakazi wachache na kuwapeleka kozi ya huduma ya kwanza ya afya ya akili ili wawe wanasaidia wenzao, nikasema mwenye swali aniandikie. Jamani mmeandika. Nimechagua barua nane, baadhi nimezipunguza manake kuna mtu kaanzia alipozaliwa (nimeisoma yote mpenzi, usijali). Majina nimeyatoa na kampuni sijazitaja hata moja, kwahiyo msianze kubahatisha kwenye magrupu.

Shikamoo Anti. Mimi niko Dar, nafanya kol senta. HR kanichagua mimi na wenzangu wanne tukasome siku mbili halafu turudi tuwe tunasaidia wenye stresi. Mimi nimesoma uhasibu, saikolojia siijui hata harufu yake, naogopa ntamharibu mtu. Niende au nikatae? Na huko wanafundisha nini haswa?

Marahaba mwanangu. Nenda.

Na hiyo hofu yako nenda nayo hivyohivyo, manake wanaonitia wasiwasi mimi ni wale wanaotoka kwenye kozi wanajiita wanasaikolojia. Hii kitu haikusudii kukufanya daktari wa akili kwa siku mbili, na mwalimu akikuambia hivyo muulize kasomea wapi. Ilianzia Australia mwaka 2000, mke na mume, Betty Kitchener ambaye ni mwalimu wa mambo ya afya na mwenyewe ameishi na sonona, yani dipresheni, tangu ujana wake, na Tony Jorm ambaye ni mtafiti. Hoja yao ilikuwa ya kawaida kabisa: watu wanafundishwa kumsaidia aliyezimia au aliyevunjika mguu mpaka afike hospitali, mbona hakuna anayefundishwa afanye nini mtu akivurugikiwa akili mbele yake, wakati huyo ndio utakutana nae mara nyingi zaidi. Ikasambaa nchi nyingi. Halafu 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake wakatoa mwongozo wao kwa ajili ya watu waliokumbwa na majanga, wenyewe wakaufupisha kwenye mambo matatu, kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Walimu wengi wa huku kwetu wanachanganya hizo mbili.

Sasa siku hizo mbili nyingi utatumia kwenye mazoezi ya kuongea, na utaona aibu, kila mtu anaona aibu, vumilia. Utafundishwa kuanza maongezi kwa kitu ulichokiona mwenyewe, sio kwa hukumu. Yani usimwambie mtu "vipi mbona siku hizi umepooza" tena mbele ya watu kwenye laini ya chakula. Mvute pembeni umwambie "hizi wiki mbili nakuona hauli na sisi, na juzi baada ya ile simu ya mteja ulitoka unalia, mi nina nusu saa hapa, tukae pale nje kidogo?" Halafu unyamaze.

Hapo kwenye kunyamaza ndio wengi wanafeli, na sisi Waswahili tunafeli zaidi kwasababu tumelelewa kujibu haraka, mtu hajamaliza sentensi tushasema pole ndio maisha, jikaze, mwenzio fulani yalimkuta makubwa kuliko hayo na yuko anadunda. Unaweza kuwa na nia nzuri kabisa ila aliyekaa mbele yako anachosikia ni kwamba tatizo lake dogo, anafunga mdomo, na hatarudi tena. Watakufundisha kurudia kwa maneno yako ulichosikia, na kuuliza "unahitaji nini kwa leo?" badala ya kuja na suluhisho lako mfukoni.

Watakufundisha dalili pia. Kitu kimoja ukikumbuke, wataalamu wanaangalia muda, huzuni ya siku mbili tatu baada ya msiba au kuachwa ni ubinadamu, ila mtu akienda wiki mbili na zaidi hana raha na kitu chochote, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, kazi aliyokuwa anaimaliza asubuhi sasa jioni haijaisha, huyo anatakiwa kuonwa. Na wewe usimpe jina la ugonjwa. Ukishasema "huyu ana dipresheni" ofisini umeshaharibu, hata kama umepatia.

Alafu kuunganisha. Hapa uwe na karatasi yako imeandikwa kabisa: hospitali gani ina kliniki ya akili, siku gani, kadi ya bima inalipa au hailipi, nani wa kuongea nae. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe anasimulia kuwa aliwahi kumpoteza mgonjwa aliyejiua, na alipouliza familia kwanini hawakumleta hospitali wakamwambia walikosa nauli, kama dola 15 hivi. Kutokana na hilo akaanzisha huduma yake ya mabenchi mwaka 2006, mtu anaenda kukaa benchi na bibi wa mtaani aliyefundishwa, hapohapo karibu na kwake. Ndio maana nasema ukimwambia mwenzako "nenda Muhimbili" muulize na nauli anayo, na kama anaogopa kwenda peke yake muombe HR ruhusa umsindikize.

Anti habari yako. Mimi niko Mombasa, nafanya hoteli, upande wa jikoni. Mwenzangu wa shifti ya usiku aliniambia juzi kwamba amechoka, hata akilala asiamke itakuwa afadhali. Kisha akacheka, akaniambia nisimwambie mtu. Sisi hatujafunzwa chochote. Nikimuuliza si nitakuwa namtia hilo wazo? Na nikisema kwa wakubwa, polisi hawatamshika?

Huyu nilimjibu siku ileile, naandika hapa kwa ajili ya wengine walio na mwenzao wa hivi na wanasubiri gazeti litoke. Msisubiri gazeti.

Kumuuliza hakumtii wazo. Hili limefanyiwa utafiti mara nyingi na halijaonekana kumuongezea mtu hatari, wengi wanasema ilikuwa nafuu kuna mtu ameuliza bila kuzunguka. Kwahiyo litaje jambo lenyewe kwa jina lake: "unafikiria kujiua?" Usiulize "lakini huna mawazo mabaya eeh?" manake hilo swali limeshajibu, unamlazimisha aseme sina. Na kile kicheko kisikudanganye, watu wetu wengi jambo zito wanalitoa kwa mzaha kwanza waone utalipokeaje.

Akisema ndio, usipige kelele, usimtishie moto wa jehanamu, usimwambie afikirie watoto (ameshawafikiria sana). Muulize kama amepanga atafanyaje na lini. Kama amepanga, hakai peke yake hata dakika moja, vitu vya hatari viwe mbali nae, mpigie ndugu anayemuamini yeye, sio unayemuamini wewe, na mwende hospitali usiku huohuo, hapo Mombasa mna Coast General na mna kitengo cha akili pale Port Reitz. Kwa Kenya kuna namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, unaweza kuipiga wewe unayemsaidia wakakuelekeza. Kama hajapanga kitu, bado aonwe na mtaalamu, tofauti ni kwamba mna nafasi ya kupanga kesho asubuhi mnaenda wapi na leo usiku analala na nani.

Siri: mwambie ukweli mapema, "mengine yote ntakutunzia, ila hili la uhai wako siwezi kukuahidi, ntamwambia mtu mmoja na ntakuambia ni nani". Atakasirika. Acha akasirike.

Kuhusu polisi, huko kwenu Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kufungwa mpaka miaka miwili, kinapingana na Katiba. Ila wasomaji wangu wa Tanzania, huku sheria ya adhabu bado inalihesabu jaribio kuwa kosa, na nadhani imefanya watu wengi waliohitaji daktari wakafichwa ndani. Lakini mtu kukuambia ana mawazo hayo hajafanya kosa lolote, wala wewe kumpeleka hospitali hujavunja kitu.

Anti, mimi ni afisa rasilimali watu hapa Arusha. Tumefundisha watu wanane. Sasa mkurugenzi anataka kila mwezi nimpelekee ripoti ya majina ya waliokuja kuomba msaada na shida zao, anasema kampuni imelipa hela yake lazima ijue. Nimjibuje bila kupoteza kazi?

Kaka yangu pole, nimekuelewa. Mkurugenzi wako sio lazima awe na roho mbaya, amezoea kila kitu kina ripoti. Usianze kwa kumwambia "haiwezekani", anza kwa kumuuliza anataka kujua nini, nadhani atasema anataka kujua kama hela imefanya kazi. Hilo linajibika bila jina hata moja: watu wangapi wamekuja, wangapi wameelekezwa kwa mtaalamu, na mambo gani matatu yanajirudia. Na kama idara ina watu wanne tu usiitaje idara, manake ukiandika "mmoja kutoka stoo" si ni kama umeshataja.

Akishikilia, hapo toa sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu zimewekwa kwenye taarifa nyeti ambazo huzikusanyi wala kuzigawa hovyo bila ridhaa yake. Kampuni ikishtakiwa, aliyesaini zile ripoti ni wewe, mkumbushe hilo kwa upole ukiwa umebeba nakala.

Ila sheria tuiweke pembeni. Siku likivuja jina moja, na litavuja, ofisi za kwetu hazina ukuta, wale wanane wataitwa mashushushu na hakuna mtu atawakaribia mpaka wastaafu. Umechoma hela ya kozi nzima. Hicho bosi atakielewa, anaelewa hela.

Na mkataba wa wale wanane uandikwe, hata ukurasa mmoja: haweki kumbukumbu yenye jina, hazungumzi na meneja wa mhusika bila mhusika kukubali, isipokuwa uhai wa mtu uko hatarini. Usomwe mbele ya wafanyakazi wote siku ya kuwatambulisha.

Anti sisi ni maafisa mikopo Mwanza. Kampuni ilileta mwalimu, tumekaa siku nzima, tumefundishwa kupumua, tumefundishwa kuulizana hali, mabango yamebandikwa hadi chooni. Jumatatu tageti ni ileile, na mteja akikimbia na mkopo tunakatwa kwenye mshahara. Mwenzetu mmoja mwezi uliopita kapokea mshahara hautoshi hata kodi ya chumba. Ukimwambia huyo apumue anakuangalia tu. Hii sio kutuchezea?

Barua hii niliisoma mara tatu nikaenda kuchemsha chai kwanza.

Ndugu zangu, kwa sehemu kubwa mko sahihi, na wala sio nyie tu mnaosema. 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu afya ya akili kazini, wakati huohuo wao na Shirika la Kazi Duniani wakasema dunia inapoteza kama siku bilioni 12 za kazi kila mwaka kwa sonona na wasiwasi, hasara ya kama dola trilioni 1. Hiyo namba ndio makampuni yanaipenda, utaikuta kwenye kila bango. Lakini ukisoma mwongozo wenyewe, cha kwanza wanachozungumzia ni kazi ilivyopangwa, mzigo, saa, mtu ana usemi gani kwenye kazi yake. Kufundisha mameneja wamekushauri kwa mkazo mkubwa. Kufundisha wafanyakazi wa kawaida kumo, ila kwa uzito mdogo zaidi. Wengi wanaruka moja kwa moja kwenye kozi ya wafanyakazi, manake ni rahisi, unalipa mwalimu, mnapiga picha, imeisha.

Na kozi zenyewe zinafanya nini? Nitasema kweli japo nazipenda. Kinachoonekana wazi ni kwamba aliyesoma anajua zaidi, hofu yake ya kumkaribia mwenye shida inapungua, na anapunguza kuwaita watu vichaa. Hiyo sio ndogo. Ila kama yule anayesaidiwa anapata nafuu kweli, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza iliangalia 2018 ikakuta ushahidi ni haba, na 2023 kuna uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka nao ukashindwa kutoa jibu. Kwahiyo anayewaambia kozi itamaliza stresi ofisini anauza.

Tuje kwenye mshahara wenu, manake hapo mwalimu wa kupumua hakugusa na mimi nataka kugusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimpi mwajiri ruhusa ya kukata anavyotaka. Kwa ajili ya hasara, lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, upewe taarifa na nafasi ya kujitetea kwanini usikatwe, asikate zaidi ya hasara yenyewe, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara. Mteja kukimbia wakati wewe umefuata taratibu zote za kumkopesha, hilo ni kosa lako kwa namna gani? Waulize hivyo, kwa maandishi, mkiwa wengi. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi liende lenyewe, kama hamna chagueni watatu wenye lugha nzuri, na mkikwama kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndio kazi yake.

Sasa hao waliofundishwa msiwadharau. Wana faida moja ambayo sioni ikitumika: wao ndio wanasikia. Watu kumi wakija kwa nyakati tofauti wote wanasema hawalali kuanzia tarehe 25 mpaka tarehe 3, hiyo tena sio shida ya mtu mmoja mmoja, hiyo ni funga mwezi yenu. Wakae kila robo mwaka, bila majina, waandike yanayojirudia na waombe kitu kimoja kinachofanyika, kwa mfano mtu asitumwe peke yake kudai mkopo uliolala, au tageti ya mwezi wa masika isiwe sawa na ya mwezi wa mavuno. Nawajua mabosi, wakiletewa lawama wanajifunga, wakiletewa jambo moja lenye gharama inayojulikana wengine wanakubali.

Na kupumua kunasaidia, jamani, tusikutukane. Kunasaidia kwa dakika ile mteja anapokutukania mama yako kwenye simu. Kodi ya chumba hakulipi.

Auntie, mimi ni wa Thika, kiwanda. Nilifanya hiyo treningi mwaka jana na sasa kila mtu ananiletea shida zake, hata wa shifti ingine. Kazi ni mingi, lunch sikuli, na usiku wananitumia meseji. Bwanangu ameanza kulalamika. Juzi nilikasirikia mama mmoja mzee mpaka nikalia. Niache?

Usiache leo, punguza leo.

Simu kwanza. Waambie wote, kwenye grupu hata, kwamba unapatikana saa fulani mpaka fulani siku za kazi, na nje ya hapo kama ni hatari ya uhai wapige 1199 au waende hospitali. Hautakuwa umemtupa mtu. Pili, mtu mmoja asije kwako mara ya sita kwa jambo lilelile. Ukimsikiliza mara mbili tatu na hajasogea, kazi yako imebaki kumpeleka kwa mwenye taaluma, manake ukiendelea unamchelewesha.

Tatu, na hii ni ya mwajiri: nani anakusikiliza wewe? Wale bibi wa mabenchi wa Zimbabwe niliowataja juu, ile kazi yao ilipimwa Harare kwenye kliniki 24 na matokeo yakachapishwa 2016, waliokaa nao walikuwa na dalili chache zaidi miezi sita baadae kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watu wanakumbuka bibi na benchi. Wanasahau kwamba wale bibi wana wasimamizi, wanakutana, wanapeleka kwa msimamizi kesi zilizowashinda, hawakuachwa peke yao na machozi ya mtaa mzima. Nenda kwa HR umwambie unataka mambo matatu, mwenzako wa shifti ingine afundishwe, saa moja kwa wiki ihesabiwe kuwa ni kazi, na mshauri nasaha wa nje wa kukutana nae hata mara moja kwa mwezi. Akikataa yote matatu, hapo sasa vua hiyo beji bila aibu. Huyo mama mzee kamuombe msamaha, atakuelewa, wamama wa kiwandani wanaelewa uchovu kuliko sisi.

Na mambo yako ya kulia, kama hayaishi wiki hii na ijayo, wewe ndio unatakiwa kupelekwa.

Anti kwanini tusiombe tu? Ofisini kwetu tuna kikundi cha maombi saa sita na kinatosha. *(Msomaji, Mbeya)*

Ombeni. Mtu akitoka hapo moyo umetulia ni neema tupu na sina ugomvi nayo. Ninachoomba mimi viongozi wa hicho kikundi nao waende kwenye hiyo kozi, kwasababu watu wanaenda kwao kwanza kabla ya HR, na wajue mtu anayesikia sauti au asiyelala usiku tano mfululizo anahitaji dawa pamoja na maombi. Asiachishwe dawa kuthibitisha imani. Hilo nimeliona likifanyika na silitetei kabisa. Na kumbukeni mna wenzenu wa dini nyingine hapo ofisini, wao saa sita wanaenda wapi?

Anti wanaume hawasemi. Karakana yetu tuko 30, wote wanaume, huyo aliyefundishwa amekaa mwaka mzima hajafuatwa na mtu. *(Fundi, Tanga)*

Hawatamfuata. Mwanaume mzima aamke aende kwenye meza yenye kibao "msaada wa afya ya akili" huku mafundi 29 wanamuangalia? Mwambie atoke kwenye meza. Wanaume wengi wanaongea wakiwa wanafanya kitu na hamtazamani usoni, mnakaza nati, mnasubiri daladala, mnaangalia marudio ya mechi. Na dalili zao asizitafute kwenye machozi, azitafute kwenye hasira za ghafla, pombe iliyoanza kuingia katikati ya wiki, mtu makini anayeanza kujikata na mashine, mtani mkubwa aliyeacha utani. Aanze na la kwake mwenyewe dogo, "mwenzio mwezi huu usingizi umenikataa". Asitegemee jibu siku hiyo.

Anti, mwenzetu anarudi kazini Jumatatu, alilazwa Mirembe, hospitali ya akili, wiki tano. Watu ofisini wanajua. Tumpokeeje? Wengine wanasema tumfanyie kasherehe, wengine wanasema tujifanye hatujui kitu. *(Dodoma)*

Kasherehe hapana jamani, na keki hapana. Kujifanya hamjui nako atakuona tu, kila akiingia mazungumzo yanakatika.

Mtu mmoja, yule aliyefundishwa au rafiki yake wa karibu, ampigie kabla ya Jumatatu amuulize mambo mawili: unataka tuwaambie watu nini, na unataka kuanza vipi. Hayo anayaamua yeye. Wengine wanapenda kusema wazi nilikuwa Mirembe nimetibiwa nimepata nafuu, wengine wanataka isemwe tu alikuwa anaumwa, na kweli alikuwa anaumwa. Atakalosema ndio hilohilo mnalibeba wote mpaka mlinzi wa getini.

Meneja wake aambiwe kwamba zile wiki ni likizo ya ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote, sheria ile ile ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 kwenye mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 za mwisho nusu, ilimradi ana cheti cha daktari. Asikatwe, wala asiulizwe ulizwe "una uhakika umepona?" Kazi zake zisiwe zimegawanywa zote akakuta meza tupu, manake meza tupu inamwambia hatukukutegemea urudi. Arudishiwe zile anazozifahamu, kidogo kidogo wiki za mwanzo, na akiwa na siku ya kliniki aende bila kuomba mara mbili. Dawa nyingine zinaleta usingizi asubuhi, kama inawezekana aingie saa mbili unusu badala ya saa moja unusu kwa muda, mkubaliane tarehe ya kuliangalia tena.

Utani wa "chizi wetu" ukome kabla hajafika, hata wale mnaosema alikuwa anautania mwenyewe zamani. Jumatatu asubuhi msalimieni kama mnavyosalimiana siku zote, mumuulize za nyumbani, na saa ya chai mtu mmoja amwambie twende.